Msafara Huangamia Kabla ya Vita

Miongoni mwa michezo ya mezani iliyokwisha kuwafikia baadhi ya vijana wa Nyanda za Juu Kusini, hakuna uliokaribiana na hadithi kuliko ule uliochapishwa Marekani mwaka 1974 na Gary Gygax na Dave Arneson kwa jina la Dungeons & Dragons, ambamo watu wanne au watano huizunguka meza, kila mmoja akajivika nafsi isiyo yake, huyu akawa shujaa wa upanga, yule mwanazuoni wa sihiri, wa tatu tabibu mwenye dua za kuponya, wa nne mdokozi mwenye vidole vyepesi, na mmoja wao, ambaye katika makala haya nitamwita msimulizi, akawa ndiye ulimwengu wote uliosalia: mvua, mlango, joka, na mwenye nyumba ya wageni anayedai kodi yake. Mtu aliyelelewa na visa vya Alfu Lela Ulela, au aliyesoma Adili na Nduguze cha Shaaban Robert, hataona ugeni wowote katika majini na mapango ya mchezo huu. Ugeni atakaouona ni kwamba hapa hadithi haina mwisho ulioandikwa, na mashujaa wake wanaweza kufa wote kabla ya saa nne ya usiku.

Kufa huko kwa wote pamoja ndiko ninakotaka kukujadili. Mchezaji mmoja kufa si ajabu wala si aibu, kwa kuwa dadu ya nyuso 20 haimjui mtu wala haimpendelei. Lakini msafara mzima unapolala chini, kutoka wa kwanza hadi wa mwisho, na wenyewe wakainuka mezani wakinung'unika kwamba dadu zimewakataa, mimi niliyekaa mara nyingi katika kiti cha msimulizi siupokei udhuru huo. Dadu humwua mtu. Msafara huuawa na mapatano ambayo wenyewe hawakuyafanya walipokuwa bado na wasaa wa kuyafanya.

Ushahidi wa jambo hili hatuhitaji kuufuata ng'ambo. Atokaye Iringa kwa barabara iendayo Morogoro hupita Lugalo, ambako tarehe 17 Agosti 1891 msafara wa Kijerumani ulioongozwa na Emil von Zelewski, mtu ambaye wenyeji walimpachika jina la Nyundo kwa ukali wake, uliingia katika nchi ya Wahehe ukiwa na askari zaidi ya 300, wapagazi wengi, mizinga na bunduki za rashasha, ukiwa umekwisha kuchoma vijiji njiani, na ukatoka humo ukiwa mabaki. Sisi tuliosoma habari hiyo shuleni tulifundishwa kuufurahia ushindi wa Mtwa Mkwawa, na ni haki kuufurahia. Lakini mchezaji wa mchezo huu atapata faida kubwa zaidi akimtazama yule aliyeshindwa, kwa sababu karibu kila kosa linaloua misafara mezani Zelewski alilitenda mchana kweupe, tena akiwa na silaha zilizomzidi adui wake mara nyingi.

Tazama jinsi alivyokwenda. Msafara ulijinyoosha katika njia nyembamba yenye vichaka na mawe, mtu nyuma ya mtu, hata wa mbele hakuweza kumwona wa nyuma; hakutanguliza wapelelezi wa kupekua vichaka; bunduki za askari zilikuwa tupu; mizinga na rashasha vilikuwa vimefungwa juu ya migongo ya punda. Yote hayo yalitoka katika mzizi mmoja, nao ni ghururi: aliwahesabu Wahehe kuwa ni watu wa mikuki na ngao tu, wasioweza kumdhuru mwenye bunduki. Wapiganaji wapatao 3,000 waliokuwa wamelala majanini walipoinuka kwa pamoja, askari wengi hawakupata kufyatua zaidi ya mara moja au mbili, punda wakatimka na mizigo yao wakawavuruga watu wao wenyewe, Zelewski akachomwa mkuki, na kwa muda wa dakika chache tu jambo lilikuwa limekwisha. Wazungu 10 waliuawa siku ile, na askari zaidi ya 200 pamoja nao.

Sasa rudi mezani. Msimulizi anasema kwamba mmefika penye korongo, na mbele yenu kuna nguzo za mawe zilizochongwa na mvua, kama zile za Isimila, na kati yake mna njia ya mchanga. Wachezaji wazembe watajibu kwa neno moja, kwamba wanaingia, na kwa neno hilo wamekwisha kuandika wasia wao. Wachezaji wenye hadhari watauliza kwanza: njia hii ina upana gani, na ni watu wangapi wanaoweza kusimama humo bega kwa bega? Juu ya nguzo panapandika? Kuna njia ya pili ya kutokea? Upepo unavuma kutoka wapi, na mchanga una nyayo? Msimulizi hana budi kuyajibu maswali hayo, na akiwa mwungwana atayajibu kwa ukweli, kwa kuwa kazi yake si kuwaua bali ni kuwaeleza ulimwengu wanaoutembea. Kisha waseme, tena waziwazi, nani yuko mbele, nani yuko kati, nani yuko nyuma, na kila mmoja ameshika nini mkononi. Misafara ya zamani iliyotoka Bagamoyo na Kilwa kwenda bara ilikuwa na kirangozi wa kutangulia na wanyapara wa kuwahimiza wanaochelewa, na kila mpagazi aliijua nafasi yake; hawakuyapanga hayo upya kila walipomwona simba.

Utaratibu wa kutembea usiachwe hewani. Uandikwe katika karatasi, iwekwe katikati ya meza pale ambapo kila mtu anaiona. Mbele aende mwenye ngao au mwenye macho makali, na mdokozi amtangulie kwa hatua thelathini hivi, si kwa mia, kwa sababu aliye mbali kupita kiasi atakufa peke yake kabla ya kilio chake kufika. Mwanazuoni wa sihiri, ambaye kwa kawaida ni dhaifu wa mwili, asiwe wa mwisho, maana adui mwenye akili huanza na mkia. Huko nyuma awekwe mtu anayeweza kustahimili mapigo mawili bila kuanguka.

Liko jambo jingine la Lugalo ambalo hupenda kusimuliwa. Wahehe walikuwa wamepatana wasiinuke mpaka isikike ishara ya mlio wa bunduki, na ishara hiyo ilikusudiwa kutolewa msafara utakapokuwa umeingia wote katika mtego. Inasemekana ofisa mmoja wa Kijerumani alimpiga risasi ndege, wapiganaji wakadhani ndiyo ishara yenyewe, wakainuka kabla ya wakati, na kwa sababu hiyo sehemu ya nyuma ya msafara ikaokoka. Hata mpango uliotungwa vizuri, basi, unaweza kupunguziwa matunda yake na mlio mmoja. Kila msafara una mtu wake wa kupiga ndege. Wenzake wanashauriana kwa sauti ya chini jinsi ya kumpita jitu aliyelala, na yeye, kwa kuchoka kusikiliza, anatangaza kwamba amemrushia mshale. Akiulizwa sababu, hujibu kuwa ndivyo alivyo mhusika wake, mtu wa pupa. Ni jibu ambalo nimelisikia mara nyingi na ambalo halina uzito hata kidogo, kwa kuwa mhusika alimtunga yeye mwenyewe, na angeweza kumtunga mwenye pupa ya chakula au ya mahaba isiyowaua watu wanne wengine. Dawa yake si ugomvi. Apewe kazi ndani ya mpango, tena kazi ya kutoa ishara yenyewe, na utamwona akinyamaza na kungoja kwa uangalifu ambao hukuudhania.

Nimefika sasa kwenye kosa lililo kubwa kuliko yote, nalo ni kutojua kurudi nyuma. Katika vitabu vya hadithi shujaa hakimbii, na wachezaji wetu huja mezani na itikadi hiyo, wakidhani kwamba kila adui waliyekutanishwa naye amepimwa kwa nguvu zao na kwamba kumwacha ni kushindwa. Si hivyo. Msimulizi aliyeweka joka mlimani aliliweka kwa sababu mlima ule una joka, na hakusema kuwa lazima mpigane nalo leo. Siku ile ya Lugalo alikuwako luteni mmoja, von Tettenborn, aliyekuwa upande wa nyuma. Huyo alipoona mambo yameharibika hakukimbilia mbele kwenda kufa na mkubwa wake, wala hakutoroka peke yake, bali alishika kilima, akapandisha bendera ili waliotawanyika waione, akawakusanya waliosalia, kisha akarudi nao pwani. Nampa mfano huyu bila kuipenda kazi iliyomleta huku. Alifanya mambo matatu kwa mpangilio, na wachezaji wengi huyageuza juu chini: kwanza mahali pa kukutania, pili kukusanyana, tatu kuondoka.

Kanuni za mchezo zenyewe zinaonyesha kwa nini uamuzi huu haungoji. Katika toleo la tano, lililotoka mwaka 2014, mtu anayejitoa karibu na adui bila kutumia zamu yake kujitenga kwa hadhari humpa adui huyo nafasi ya kumpiga bure. Na mtu aliyeishiwa na nukta zote za uhai huanguka amezimia, hawezi kutembea, na anayetaka kumwokoa atambeba. Kwa hiyo gharama ya kurudi nyuma hupanda ghafula mtu wa kwanza anapoanguka: aliyeanguka hakimbii, aliyembeba huenda nusu ya mwendo wake, na tayari mikono miwili imetoka vitani. Msafara ulioanza kufikiria kuondoka wakati watu wawili wamelala umekwisha kuchelewa. Wakati wa kuondoka ni pale wote wangali wamesimama na moyo unasema kwamba pigo moja zaidi litatosha; huo moyo ndio unaodanganya.

Basi wekeni sharti kabla ya kuingia pangoni, sharti lenye hesabu na si lenye hisia. Kwa mfano, mmoja akianguka na mwingine amebakiwa na chini ya nusu ya uhai wake, tunaondoka. Chagueni neno, liwe fupi, na iwe ruhusa kwa yeyote kulitamka, hata yule mgeni aliyejiunga wiki iliyopita. Na likishatamkwa pasiwe na mashauri tena. Mjue mtakutana wapi, mkiwa mnacheza katika bonde la Kiwira muwe mmepatana kukutana juu ya Daraja la Mungu au chini yake, maana nimeona watu waliokimbia salama wakafa saa moja baadaye kila mmoja kwenye kichaka chake. Tena mwe na kitu cha kuacha nyuma: mafuta ya kumwaga na kuwasha, mlango wa kukomea, nyama ya kumtupia mnyama mwenye njaa. Wachezaji hununua panga la pili kwa dhahabu yao ya kwanza, nami ningewashauri wanunue kamba. Mwandae safari ya kushuka kwenye ziwa la Ngozi bila kamba, kisha mwone jinsi ukingo ule ulivyo mkali wakati wa kupanda mkikimbizwa.

Kuhusu mapigano yenyewe nitasema machache, kwa kuwa ndiyo sehemu ambayo wachezaji huisoma peke yao bila kusukumwa. Adui aliyebakiwa na nukta moja ya uhai hupiga kwa nguvu ileile ya adui mwenye nukta 40, na kwa sababu hiyo msafara unaogawa mapigo yake, kila mtu na adui wake kama watu wanaotafuta sifa, hujiletea mapigo mengi zaidi kuliko msafara unaomwangusha mmoja kisha ukamgeukia wa pili. Na mwenzenu akizimia, msimlilie wote. Katika kanuni nilizozitaja yeye hutupa dadu kila zamu yake, na 10 au zaidi ni heri, chini ya hapo ni shari. Heri tatu humtuliza, shari tatu humwua, na pigo lolote apatalo akiwa chini huhesabiwa shari. Maana yake ni kwamba aghalabu mna zamu mbili au tatu za kumfikia, basi aende mmoja aliye karibu na mwenye dawa, na wengine waendelee kumzuia adui asimkanyage.

Dadu hiyo ya nyuso 20, kwa kuwa si bidhaa ya kila duka, huweza kubadilishwa kwa vikaratasi 20 vilivyoandikwa hesabu na kutiwa ndani ya kofia. Angalieni tu kwamba kila kikaratasi kinachovutwa kirudishwe na kofia itikiswe, la sivyo mtu mwenye hesabu kichwani atangoja mpaka ndogo zote zimetoka, na mchezo utakuwa umegeuka kuwa biashara.

Kuna misafara inayoangamia kwa kutosikiliza tu. Msimulizi ametaja moshi mara ya kwanza, akautaja mara ya pili, akautaja mara ya tatu akiongeza kwamba unanuka nywele zilizoungua, na bado hakuna aliyeuliza, maana mmoja anatazama simu, mwingine anapanga mizigo ya mhusika wake, wa tatu anasimulia mechi. Teueni mwandishi. Aandike majina, milango, harufu na ahadi, na mwanzo wa kila kikao awasomee wenziwe alichoandika. Kazi hii haina fahari, na aghalabu hupewa mtu mpole asiyejua kukataa; mpeni, kwa haki, fungu la kwanza la ghanima.

Na ghanima nayo ina mauti yake. Msomaji wa Shaaban Robert anakumbuka jinsi Hasidi na Mwivu walivyomtosa ndugu yao Adili baharini kwa sababu ya husuda, na jinsi walivyogeuzwa manyani kwa tendo hilo. Mezani hakuna anayegeuzwa nyani, lakini mwanazuoni aliyenyimwa pete aliyoiona kwanza atakumbuka kinyongo chake siku tabibu anapohitaji ulinzi. Mgawanyo uwe na kanuni kabla ya sanduku kufunguliwa. Kitu kiende kwa anayekitumia vizuri zaidi, na anayekipata akae nyuma ya foleni safari ijayo.

Gygax mwenyewe alitunga mtego mmoja mashuhuri wa kuwapima waliojiona mahodari, kaburi lililoitwa Tomb of Horrors, lililotumika katika mashindano mwaka 1975 na kuchapishwa 1978. Ndani yake mna uso wa shetani wa rangi ya kijani, uliochongwa ukutani, kinywa wazi, na ndani ya kinywa giza tupu. Anayejipenyeza humo hatoweki kwenda chumba kingine. Ameangamia, wala hakuna mabaki. Wako wachezaji waliomfuata mwenzao wa kwanza wakidhani kimya chake ni dalili ya usalama, kisha wa tatu akamfuata wa pili. Ufito uliopenyezwa humo ukatoka bila ncha ungalitosha kuwafundisha wote. Mahali msipopajua mpelekeeni kitu kabla ya kupeleka mtu, na kama mtu amekwenda asiporudi wala kuitika, kimya chake kihesabuni kuwa ni jibu.

Ushindi pia huandaa maangamizi, na hapa Uhehe unatufundisha upande wa pili. Mkwawa aliushinda msafara wa Zelewski kwa kujificha, kwa subira na kwa kuchagua uwanja. Miaka mitatu baadaye, Wajerumani waliporudi, aliwangoja ndani ya boma la mawe la Kalenga, na tarehe 30 Oktoba 1894 mizinga ikalivunja boma lile na likatekwa. Alipotoka ukutani na kurudi msituni, adui yule yule aliyelivunja boma alihangaika kumtafuta mpaka tarehe 19 Julai 1898, alipojiua Mlambalasi ili asikamatwe hai. Simhukumu, kwa kuwa mtawala ana watu, wazee na maghala ya kulinda, na hawezi kuishi kichakani kama mchezaji mwenye karatasi moja ya mhusika. Lakini msafara wa mezani hauna mji wa kulinda, na bado nimeona watu walioshinda mara mbili kwa hila na kuvizia, wakapata deraya za chuma na panga zenye nuru, kisha wakapiga hodi kwenye lango la mbele la ngome wakiwa wamesahau kabisa kilichowafikisha hapo. Mkipata silaha mpya, jiulizeni kama adui naye hajajifunza tangu mlipoonana naye.

Ikitokea, pamoja na yote haya, kwamba msafara umelala wote, msimulizi asiharakishe kuwafufua kwa muujiza, wala wachezaji wasichane karatasi zao. Zikunjwe na kuwekwa. Wiki ifuatayo tungeni wahusika wapya walio na sababu ya kuwafuata wale wa kwanza: mdogo wa marehemu, mkopeshaji anayedai fedha zake, mpagazi aliyeachwa nje ya pango akilinda punda na ambaye peke yake anaijua njia. Wapewe daftari la yule mwandishi mpole, kwa kuwa ndilo urithi pekee uliotoka nje, na waanze pale msafara wa kwanza ulipopiga kambi ya mwisho, wakiwa na kamba ndefu zaidi.